Nafuu ya Kodi na Mbanguaji wa Korosho



Nimeombwa kuzungumzia nafuu za kodi kwa waajiri wanaowapa kazi watu ambao soko la ajira huwaruka: kijana asiye na uzoefu, mtu mwenye ulemavu, mama asiye na cheti. Hoja yangu ni moja. Nafuu inayotolewa kwenye kodi ya faida haitawafikia watu hawa hapa Mkomaindo, Masasi. Tukitaka iwafikie, tuifunge kwenye malipo ya wafanyakazi, ambako mwajiri hutoa fedha kila mwezi, awe na faida au hasara.

Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sisi tulitanguliza wajibu. Majirani wakaongeza kishawishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kupunguza mapato yake yanayotozwa kodi kwa asilimia 25 ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wenye ulemavu. Uganda nayo iliweka punguzo la asilimia 2 ya kodi ya mapato kwa mwajiri ambaye angalau asilimia 5 ya wafanyakazi wake wana ulemavu.

Tuipige hesabu ya Kenya kwa shilingi zetu. Mfanyakazi analipwa 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Robo yake ni 900,000. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, mwajiri anaokoa 270,000. Si haba. Lakini aliyefunga mwaka kwa hasara haokoi hata senti mwaka huo, maana hana kodi ya kupunguziwa. Na hasara Kusini tunaijua. Vile viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya nje, vya Masasi na Newala vikiwamo, vingi vilisimama kazi, na sehemu kubwa ya korosho yetu bado husafiri ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Serikali haikukaa kimya. Iliweka ushuru kwa korosho ghafi inayouzwa nje: asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Nia ni kuhimiza ubanguaji wa nyumbani. Lakini ushuru huo unatozwa bandarini. Haumuulizi mwenye kiwanda amemwajiri nani.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Tangu Januari 2014, mwajiri anayemchukua kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo hubakiza sehemu ya kodi ya mishahara ambayo angeipeleka serikalini mwezi huo. Hasubiri faida. Akimfukuza mfanyakazi wa zamani ili aingize mwenye nafuu, anatozwa faini ya randi 30,000.

Sisi tunacho chombo kinachofanana: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi, na hulipwa na mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Chukua kiwanda cha mfano chenye watu 100 wanaolipwa 300,000 kila mmoja. Tozo yake ni 1,050,000 kwa mwezi. Mwajiri akiruhusiwa kubakiza humo robo ya mshahara wa kila aliyeajiriwa kutoka makundi haya, yaani 75,000, tozo hiyo inabeba watu 14. Mtaniambia fedha za mafunzo zitapungua. Kweli, ndiyo maana nafuu iishe baada ya mwaka mmoja, na mwaka huo uwe wa kumfundisha mtu kazi kiwandani.

Masharti nayo yafanane na maisha ya huku. Msimu wa korosho ukiisha, kazi nyingi husinyaa. Sharti la miezi 12 mfululizo litawatoa nje walewale tunaowalenga. Zihesabiwe siku za kazi. Tena wanaobangua, wengi wao wanawake, aghalabu hulipwa kwa kilo, na majina yao huishia kwenye daftari la msimamizi. Asiyeandikwa kwenye orodha ya malipo hakuna nafuu ya kodi itakayomwona. Hivyo faida ya kwanza ya mpango huu ingekuwa kumpa mwajiri sababu ya kuwaandika, na kuandikwa huko ndiko kunakofungua mlango wa mkataba na hifadhi ya jamii.

Fundi seremala wa Newala mwenye vijana watatu hailipi tozo hii, kwa hiyo kumsamehe ni kumpa hewa. Huyo anahitaji fedha taslimu za uanagenzi, na tusimdanganye kwa jina la kodi.

Namalizia kwa ombi. Wenye viwanda, wekeni orodha kamili, na wa kilo wawemo. Vyama vya ushirika, anzeni na makarani na wapagazi wenu. Wabunge wetu, Muswada wa Fedha ukisomwa kila Juni, dai hili lifikisheni Dodoma likiwa na hesabu zake. Wanafunzi, hesabu hizo zifanyeni ninyi, maana kodi isiyopigiwa hesabu na walio chini huandikwa kwa faida ya walio juu.