Sanduku Lina Kufuli Tatu, Simu Ina Moja



Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Simu ina kufuli moja tu: namba ya siri. Tapeli analijua hilo.

Atakupigia: "Mama, mimi wa huduma kwa wateja, nitajie namba ya siri." Kata simu! Kampuni haiulizi namba hiyo.

Au utaletewa ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Siku ya marejesho ujumbe huo humkuta mtu hela anazo tayari, naye hutuma. Kwanza mpigie mhusika kwa namba unayoijua, usikie sauti yake.

Mwingine atadai amekosea kutuma, umrudishie. Usiamini ujumbe, angalia salio. Kama imeingia kweli, apige kampuni, wao ndio wairudishe. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040.

Marejesho ya mmoja yakiliwa, mkopo wa mwenzake unakwama. Basi, kabla ya kutuma, muulize mwenzio. Huyo ndiye kufuli ya pili.