MALIPO YA KUTUNZA ARDHI NA CHAKULA CHETU



Wengi wenu mmeuliza: tukilipwa ili tutunze udongo na maji, watoto wetu watakula nini? Swali hilo ni la haki.

Yafaa tutazame mfano wa Naivasha, nchini Kenya. Mwaka 2010 watumiaji wa maji wa bondeni, wakiwamo wenye mashamba ya maua, walianza kuwalipa wakulima wadogo wa milimani. Wakulima hao hawakuambiwa waache kulima. Walipanda majani na miti kwenye miteremko; majani yakazuia udongo usichukuliwe na mvua, tena yakawalisha ng'ombe. Nao walilipwa kwa hati za kununulia pembejeo, hivyo malipo yakarudi shambani.

Basi, chama chetu kikiletewa mkataba wa namna hiyo, tuulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi. Ni sehemu gani ya shamba itakayotolewa? Na je, malipo yatafidia chakula kitakachopungua? Tuyaandike majibu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba usiojibu hayo tuukatae.