Urembo wa Mbao Usiozeshe Nyumba
Mazungumzo ya Idara ya Ujenzi kwa wakazi wa kata



Nyanda za Juu Kusini zimejaliwa misitu ya kupandwa, likiwamo Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi. Mbao za msindano hazitoki mbali, na ndiyo maana wapo wakazi wanaojenga nyumba na vibanda vya biashara kwa kuta za mbao. Ukuta ukishasimama, mwenye nyumba hutamani urembo: ubao wa kona, ubao wa kuzunguka dirisha, na fishabodi ukingoni mwa paa.

Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kusahau mvua. Ubao wa urembo uliopigiliwa vibaya huwa mfereji wa kuingiza maji ukutani, na kwa kuwa umepakwa rangi ya kupendeza, mwenye nyumba haoni uozo hadi siku fremu ya dirisha inapolegea mkononi mwake.

Kwanza, kichwa cha ubao. Pale msumeno ulipokata, ubao hunywa maji kwa kasi kuliko ubavuni. Kwa hiyo fundi apake rangi ya msingi pande zote za ubao uliokauka, hata upande wa nyuma na kila mkato mpya, kabla ya kuupigilia. Ubao ukishapigiliwa, brashi haifiki tena nyuma.

Pili, juu ya dirisha. Hapa pakunjwe kipande cha bati: ukingo wake wa juu uingie nyuma ya mbao za ukuta, na ukingo wa chini utokeze mbele ya ubao wa urembo. Kanuni ni ile ile ya paa, kwamba la juu hulalia la chini. Silikoni haiwezi kushika nafasi ya bati. Tena mwanya ulio juu ya bati hilo usizibwe. Ndimo maji yaliyopenya yanamotokea.

Tatu, maungio. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mbao za ukuta zinapokutana na ubao wa kona au wa dirisha, paachwe nafasi ya milimita 3 hivi, kisha pajazwe silikoni ya nje inayokubali rangi. Misumari iwe iliyopakwa zinki, nayo ifike kwenye nguzo za ukuta.

Nne, chini. Ubao wa kona ukome walau sentimita 20 juu ya ardhi. Hapo matone yanayoruka hayaufikii kwa urahisi, na mchwa akipanda, njia yake ya udongo huonekana mapema. Wapo wanaopaka oili chafu kuzuia mchwa. Oili hiyo hukataa rangi na kuchafua udongo ambao pengine umepandwa mboga. Heri kununua mbao zilizotiwa dawa kiwandani.

Kwa wenye nyumba zilizokwisha kujengwa, ukaguzi ufanyike kabla ya mvua za Novemba. Mtu achukue bisibisi, aguse pembe za chini za kila dirisha na miguu ya mbao za kona. Bisibisi ikizama bila nguvu, ubao ung'olewe, ukuta ulio nyuma yake utazamwe, na palipooza pabadilishwe. Kupaka rangi mpya juu ya uozo ni kuuficha tu.

Ndugu wananchi, kipande cha bati juu ya dirisha ni gharama ndogo. Ukuta uliooza ni akiba ya familia ya miaka mingi. Anayetaka ushauri afike kwa Mtendaji wa Kata kabla fundi hajapigilia msumari wa kwanza.