Kuikaa ntebe moja haitoshi



Mumezoea kutusikia tukisema juu ya maji, barabara na usalama. Leo tunasema juu ya urafiki wa watoto ndani ya kelasi. Mutu anaweza kuuliza: vijana hawa wanatafuta nini pale? Jibu ni hili: ile chuki yenye inatuua huku Kivu, mutoto anaanza kuisikia mbele hata ajue kusoma. Anaisikia siku mwenzake anaitwa kwa kabila yake, kwa kilema chake ao kwa kambi yenye alitoka, na wakubwa wanacheka.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima, na ni ya bure mu masomo ya serikali. Tangu 2019 ile bure ilianza kutumika, na kelasi zikajaa. Mwaka 2022 inchi ikapata sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Basi mulango umefunguliwa. Lakini kuingia mulangoni na kupata rafiki ni vitu viwili.

Muangalie viwanja vya masomo mingi hapa Goma: mawe ya volkano kila pahali. Mutoto wa kigari anabaki mu kelasi saa ya mapumziko, juu magurudumu haiwezi kupita. Mwenye hasikie vizuri anaikaa nyuma kabisa, juu alikawia kuandikishwa. Mwenye alikimbia vita anakuja bila yunifomu, anaikaa na wale walikuja naye, na mwaka unaisha wengine hawajui hata jina lake. Wote wako kwenye orodha ya mwalimu, lakini wako peke yao.

Walimu, tunawaomba vitu vyenye haviombe franka. Mubadilishe nafasi za kuikaa kila juma. Mupange watoto wawili wawili: mwenye anaona vizuri asomee mwenzake ubao, na yule mwenzake naye amufundishe kile anajua, hesabu ao wimbo. Tunakazia hii ya pili, juu mutoto mwenye anasaidiwa kila siku, naye hasaidie mutu, wenzake wanaishia kumuona kama muzigo. Na kama kuna asiyesikia, kelasi yote ijifunze alama chache za kwanza: salamu, jina, maji, tucheze.

Wazazi, muache kukataza watoto wenu kuikaa na mwenye ulemavu eti atawaambukiza. Ulemavu hauambukize. Na mukumbuke Mei 2021: Nyiragongo ililipuka, tukaambiwa tutoke mujini, na wengi wetu tukalala Sake na Minova, mu nyumba za watu, mu makanisa na mu masomo. Nyuma yake vita ilifika Sake, na watu wake wakakimbilia hapa. Mutoto wa Sake akiingia kelasi ya Goma, deni liko kwetu.

Tunajua pia kama mwalimu mwenye kelasi imejaa mpaka mulangoni, na mushahara unaokawia, hawezi kubeba haya yote peke yake. Kwa hiyo hatuwaachilie wenye mamlaka. Tunadai njia laini toka mulango wa masomo mpaka kelasi na choo. Tunadai walimu wafundishwe lugha ya alama na Braille. Na hakuna mutoto anapashwa kufukuzwa juu wazazi wake walikimbia bila karatasi.

Sisi wenyewe tunajifunga hivi: masomo yoyote yenye itatuita, tutafika siku ya salongo na nyundo na mapiki kusawazisha njia ya uwanja. Mutupe watoto wakubwa wa kila kelasi, wabebe mawe pamoja. Wenye wametoka jasho pamoja wanaanza kuitana kwa majina.

Na ninyi wanafunzi, kazi yenu ni ya kesho asubui. Kuna mumoja mu kelasi yenu hamujamusemesha tangu mwaka uanze. Mumuulize jina, na mulitamke vile analitamka yeye. Saa ya mapumziko mumuite kwa lile jina, na muchague muchezo wenye naye anaweza kucheza.