Kukagua Gari-Nyumba Kuukuu Kabla ya Kulinunua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Maneno yetu ya leo yawahusu hasa ndugu zetu wafanyao kazi Uingereza, ambao mara kwa mara hutuandikia kutaka shauri. Huko watu wengi hutumia siku za livu kwa kusafiri katika gari-nyumba, yaani motokaa kubwa yenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Jipya lina bei kubwa mno; kwa hiyo mtu wa mshahara hutazama lile lililokwisha tumika miaka 15 au 20. Hapo ndipo akiba ya muda mrefu iwezapo kupotea kwa saa moja.

Mnunuzi mgeni huuliza kwanza, "Limekwenda maili ngapi?" Swali hilo ni jema, lakini halistahili kuwa la kwanza. Magari haya husimama bure miezi mingi ya mwaka, na adui yao mkubwa ni mvua. Kuta za mengi ya zamani zina mbao ndani, na nje zimefunikwa kwa bati la alumini au plastiki ngumu. Maji yakipenya katika viungo vya paa na madirisha, huozesha mbao kwa siri. Injini mbovu fundi aweza kuitengeneza, bali ukuta uliooza huenda ukadai fedha kupita thamani ya gari zima. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Basi na aende mchana, afungue makabati yote, abonyeze kwa kidole pembe za dari na chini ya kila dirisha. Pakibonyea, au pakinuka uvundo, ajue pana maji. Akanyage sakafu yote, hasa karibu na choo na mlango. Rangi mpya mahali pamoja tu na imtie shaka. Akiweza, amlipe fundi mwenye kipima unyevu.

Pili, atazame tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Tairi laweza kuonekana zima, kumbe mpira wake umekauka kwa uzee. Injini naye aikute baridi ndipo iwashwe, maana ikiwa moto huficha ugonjwa wake.

Tatu, vyombo vya ndani. Jokofu la gesi huchukua saa nyingi kupoa, basi muuzaji aombwe kuliwasha tangu usiku. Jiko na chombo cha kupashia joto vikaguliwe na fundi wa gesi, kwa kuwa vikiwa vibovu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Nne, karatasi, na hapa sisi makarani hatuna udhuru. Matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka tangu 2005 husomwa bure katika intaneti kwa namba ya gari. Maili zake na zilinganishwe na zile za kwenye saa ya gari. Lakini ukaguzi huo hutazama breki, taa na mfano wa hayo, wala haupimi unyevu wa kuta. Hati iitwayo V5C nayo humtaja mtunzaji aliyeandikishwa. Si ushahidi wa kumiliki. Kwa hiyo adai risiti, na achunguze kama gari halimo katika deni.

Kadhalika aangalie uzito. Aliyefaulu mtihani wa motokaa tangu tarehe 1 Januari 1997, leseni yake ya kawaida haimruhusu gari la petroli au dizeli lipitalo kilo 3,500, na magari-nyumba makubwa hupita hapo. Akumbuke pia kwamba lita 100 za maji ni kilo 100.

Ndugu wanachama, muuzaji akikataa ukaguzi, au akihimiza arubuni kabla gari halijaonekana, huyo auza mbuzi ndani ya gunia. Kurudi nyumbani mikono mitupu si aibu, maana fedha bado zimo mfukoni, na magari mengine yapo. Yeyote atakayeandikiwa na nduguye aliye ng'ambo, na amjibu hivyo.