Kapu Lenye Kazi Nne

Dominika ya 16 ya Mwaka C
Masomo: Mwanzo 18:1-10, Wakolosai 1:24-28, Luka 10:38-42



Dominika hii hutujia mwezi Julai, wakati baridi ya Songea imekolea. Hapa Ruhuwiko, akina mama wakiisha kuvuna mahindi huketi juani, kapu la nyuzi likiwa ubavuni na sindano za kufumia mikononi. Hebu leo tulichungulie kapu hilo, maana ndani yake tutaiona nyumba ya Martha na Mariamu, na pengine nyumba zetu wenyewe.

Katika kapu moja mna kazi nne. Mna sweta la mtoto wa shule, limefika kwapani. Mna kofia ya kichanga aliyezaliwa kwa jirani. Mna shali ya mama mkwe. Chini kabisa mna kitambaa cha altare, alichoahidi mbele ya wanajumuiya wenzake. Kila kazi ilianzwa kwa furaha, na hakuna hata moja iliyokwisha. Mama huyu si mvivu. Mikono yake haipumziki. Lakini leo amefuma safu mbili hapa, kesho safu tatu pale, na mtoto bado anakwenda shule alfajiri akitetemeka.

Mshika mbili, moja humponyoka. Je, mwenye kushika nne?

Tusikosee kuielewa Injili. Bwana hakumlaumu Martha kwa sababu alipika. Katika somo la kwanza tumemsikia Ibrahimu akipiga mbio kuwaandalia wageni wake mikate na nyama ya ndama, na Mungu alipendezwa na ukarimu huo. Wala kuwa na kazi nyingi si dhambi. Mfumaji mwenye busara huweza kuwa na kazi kubwa ya nyumbani na nyingine ndogo ya kuchukua mkononi, afume akiwa kwenye foleni ya zahanati. Huyo huweka alama mahali alipoachia, na anajua ipi inatangulia. Bwana alimwonya Martha kwa sababu moyo wake ulikuwa umegawanyika vipande vipande, hata akaanza kumnung'unikia dada yake, na kumnung'unikia Mgeni mwenyewe.

Ndugu wapendwa, kapu hilo lina fundisho la pili, nalo ni uzi wenyewe. Wengi wetu hatununui uzi mpya. Twanunua sweta kuukuu la mtumba, twalifumua, na kwa uzi ule twafuma jingine. Wenye ujuzi huanza kwa kutazama mishono ya ubavuni. Ikiwa sweta lilikatwa kwa mkasi kiwandani kabla ya kushonwa, uzi hutoka vipande vifupi vifupi. Ikiwa pande zake zilifumwa kila moja kwa umbo lake, uzi hutoka mrefu. Hata hivyo hutoka umejikunja, kwa maana bado unalikumbuka umbo la zamani. Basi hufungwa mafungu, huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, hutundikwa ukiwa na uzito mdogo chini yake, na kuachwa ukauke taratibu. Ndipo hukubali umbo jipya.

Na ukitatana? Hapo ndipo subira ya mtu hupimwa. Mwenye haraka huvuta, na kadiri anavyovuta, fundo huzidi kuwa dogo na gumu. Mwenye hasira huchukua mkasi. Lakini kila anapokata anaongeza ncha mbili za kuungwa, na maungio hayo yatamkwaruza mtoto shingoni. Mwenye hekima hulegeza kwanza kutoka nje, hutafuta ncha, kisha huzungusha donge huku akifungua, kidogo kidogo.

Lugha yetu ya Kiswahili inajua siri hii. Mtu mwenye kinyongo twasema ana fundo moyoni. Nalo fundo hilo lamo katika familia zetu: mpaka wa shamba, mahari isiyokwisha kulipwa, urithi baada ya mazishi ya baba. Lamo hata katika jumuiya ndogo ndogo. Wawili wanasali rozari moja, wala hawasalimiani mlangoni. Mmoja anavuta kwa maneno makali. Mwingine anakata kwa mkasi, yaani anahamia jumuiya nyingine. Wote wawili wanaliacha fundo palepale.

Nchi yetu ya Ungoni inajua habari ya mafundo makubwa. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, iliteketezwa kwa moto. Mwezi Februari 1906, wazee na viongozi wa Wangoni walinyongwa na Wajerumani hapa Songea, na hadi leo twawakumbuka kila mwaka pale Mahenge. Nani angedhani kwamba wajukuu wa nchi hiyohiyo wangeyajaza makanisa, na kutoa mapadre na masista? Fundo kama hilo halifunguki kwa kusahau. Hufunguka polepole, kwa kusema kweli na kwa kusameheana.

Lakini nisieleweke vibaya. Simwambii mama anayepigwa nyumbani kwamba avumilie tu. Huyo asaidiwe na atafutiwe usalama kwanza; subira si kufunika uovu.

Sasa turudi kwenye zile kazi nne. Ipi itangulie? Wengi watajibu upesi: kitambaa cha altare, kwa kuwa ni cha Mungu. Lakini kumbukeni alivyotufundisha Bwana katika Injili ya Mathayo: ukiwa unaleta sadaka yako altareni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Mariamu aliketi miguuni pa Bwana kusikiliza. Jambo moja lililo la lazima ni hilo, kumsikiliza Yeye. Na ukimsikiliza kweli, huenda akakuambia: kitambaa changu kitangoja, mtoto wako anasikia baridi, na jirani yako ana miezi sita hajaisikia sauti yako.

Basi juma hili kila mmoja wetu achague kazi moja aliyoianza na kuiacha: ahadi, deni, ziara kwa mgonjwa, neno la msamaha. Aiweke juu ya kapu, aimalize. Nanyi makatekista, jumuiya zikutanapo, msiulize tu nani ametoa zaka. Ulizeni kwa upole ni fundo gani linatungoja, na nani ataanza kulilegeza.

Ee Bwana Yesu, uliyekaribishwa Bethania, kaa nasi katika nyumba zetu. Tupe masikio ya Mariamu na mikono ya Martha, na subira ya kufungua tulichokifunga. Wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.