Juu ya Mashine Isemayo, na Jinsi Ipasavyo Kusema

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya darasa la kupiga taipu la wenzetu wasioona. Wako wanachama waliouliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini darasa lililoanza na watu sita limebaki na wawili. Hatutaki kulificha jambo hili. Kosa lilikuwa letu, wala si la wanafunzi, nasi tumekuja kulieleza na kuomba ruhusa ya kulitengeneza.

Yafaa tukumbuke kwamba mashine ya kuandikia na mtu asiyeona wamejuana tangu zamani. Mwitalia mmoja, Pellegrino Turri, alimtengenezea rafiki yake, Bibi Carolina Fantoni, mashine ya kuandikia kwa kuwa bibi huyo alikuwa amepoteza macho. Na barua alizozipiga tangu mwaka wa 1808 zingaliko hata leo. Lakini mashine za taipu zilizofuata zilikuwa na upungufu mmoja. Asiyeona aliweza kuandika, ila hakuweza kusoma alichokiandika. Utepe ukiisha wino, aliweza kupiga ukurasa mzima, kisha akakabidhi karatasi tupu asijue.

Kompyuta imeuondoa upungufu huo, kwa sababu yaweza kusema. Huko Marekani, Bwana Ted Henter, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, alipofuka katika ajali ya motokaa mwaka wa 1978. Baadaye yeye na mwenzake walitoa programu iitwayo JAWS, mwaka wa 1989. Kule Australia, Bwana Michael Curran, naye haoni, alianza mwaka wa 2006 kuunda programu ya NVDA. Na mwaka wa 2007 yeye na Bwana James Teh, ambaye pia haoni, wakaanzisha shirika la NV Access ili programu hiyo itolewe bila malipo. Hiyo ndiyo tuitumiayo sisi, na kwa hiyo Chama hakikutoa hata senti moja kwa kuinunua.

Basi kosa lilikuwa wapi? Tulidhani kwamba mashine ikiisha kusema, kazi imekwisha. Hatukujiuliza iseme nini, iseme wakati gani, iseme kwa lugha gani, na nani asikie.

Tuliiacha itaje kila herufi na kila neno pia. Mwenye mkono mwepesi akawa amefika mwisho wa mstari, na mashine ingali inataja herufi za mwanzo. Mtu akasimama, akingoja sauti imfikie. Tumejifunza kwamba kidole kinapogusa herufi mpya, sauti ya herufi iliyopita haina budi kukatika mara moja. Tena, anayeanza ahitaji kusikia kila herufi. Aliyezoea yamtosha kusikia neno zima akiisha kuligonga. Programu yaruhusu kuchagua moja, au yote mawili, au kunyamaza kabisa. Sisi tuliwapimia watu wote kwa kibaba kimoja.

Zaidi ya hayo, programu ya mazoezi ya taipu ilikuwa na sauti yake yenyewe, na NVDA ina sauti yake. Zote mbili zikasema kwa pamoja, kama makarani wawili wanaosoma barua mbili mbele ya mzee mmoja. Palipo na sauti mbili, moja yapasa kunyamazishwa.

La tatu ni namna ya kuonya. Mwanafunzi akiambiwa agonge K, naye akagonga L, mashine ilisema “Kosa!” basi. Haikumwambia amegonga nini. Asiyeona hawezi kutazama kidole chake kilipo. Asipoambiwa kwamba ameangukia L, hajui arudi kushoto au aende kulia. Ingefaa programu itaje kwanza herufi iliyogongwa, kisha itaje ile inayotakiwa, kwa sauti ya upole. Na fikirini, wazee wangu, mtu mwenye wajukuu aketi mbele ya vijana, na chombo kimpigie kelele za “Kosa! Kosa!” saa nzima. Mlio mmoja mfupi wamtosha kujua.

La nne ni lugha. Sauti tuliyoiweka ilikuwa ya Kiingereza, ikayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya kigeni hata mwandishi asiyatambue maneno yake mwenyewe. Kumbe ndani ya NVDA mna sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu, lakini Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, basi kosa la tahajia husikika upesi. Hata hivyo, be, de, pe na te hufanana masikioni, na em na en vilevile. Twataka mwenye shaka aweze kuisimamisha mashine na kuambiwa “m ya mama” au “n ya nazi”. Na herufi kubwa itambulike kwa sauti kupanda kidogo, pasipo kuongeza maneno.

La mwisho ndilo lililotuumiza. Tulitumia spika ya mezani ili mwalimu asikie makosa. Mwanachama wetu mmoja, mtu mzima, alikuja jioni kumwandikia ndugu yake barua juu ya deni la nyumbani. Mashine ikaitamka barua ile, neno kwa neno, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu. Hakusema kitu. Alizima, akachukua fimbo yake, akaenda zake, na wengine watatu wakamfuata siku zilizofuata. Tulipokwenda kwake kumwomba radhi, alitujibu: “Wanangu, macho yaliniondokea, lakini siri zangu zilikuwa bado zangu.”

Mzee huyo alikuwa mpiga taipu ofisini miaka mingi kabla ya kupofuka. Wahenga walisema, mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Vidole vyake havijasahau. Akigusa vile vinundu viwili vilivyo juu ya F na J, mikono yake hukaa mahali pake bila kufundishwa. Hakuhitaji mashine ya kumwongoza katika kila hatua. Alihitaji imjibu kwa faragha anapoiuliza. Nasi hatukumwuliza.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, zinunuliwe hedifoni sita, kila mwanafunzi na yake, na spika ya mezani iondolewe. Mwalimu akitaka kusikia, aombe ruhusa ya mwandishi. Pili, sauti ya Kiswahili iwekwe katika kila kompyuta, na kila mtu apangiwe mwendo wa sauti na namna ya kutajiwa herufi kama apendavyo mwenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa, pasiwe na programu wala chombo kitakachowekwa darasani kabla wasioona wenyewe hawajakijaribu na kukikubali. Na wawili kati yao waingie katika kamati ndogo ya darasa, wakiwa na kura.

Mzee tuliyemtaja ametupa neno kwamba atarudi, siku atakaposikia kuwa spika imeondoka mezani. Bwana Mwenyekiti, jambo hilo li mikononi mwa Mkutano huu.